Gunia Kumi na Nne za Pumba

Yule mama wa maji moto mimi ndiye niliyemfukuza kazi. Sikuwa bosi wala msimamizi, nilikuwa mtandika vitanda mwenye cheti cha darasa la saba na mdomo mrefu, lakini nilimfukuza, tena kwa kalamu, tena huku nacheka. Watu wakinisikia nasema hivi wanadhani ni mizaha yangu ya kila siku. Wanangoja pale pa kuchekesha. Papo, nitapasema, ila siku hizi nikifika hapo mwenyewe sicheki.

Loji yetu iko Chato, vyumba kumi na viwili, ziwa unaliona ukisimama juu ya kiti. Wageni wengi ni wa hifadhi ya kisiwani. Wanafika jioni na vumbi la safari hadi kwenye kope, wanalala, alfajiri wanapanda boti kwenda kuangalia ndege na sokwe. Nimeshawauliza kwa nini watoke kwao mbali hivyo kuja kuangalia sokwe wakati mpishi wetu yupo. Mpishi hakufurahi. Lakini kati ya lile vumbi na ile boti kuna kitu mgeni anakitaka kuliko chakula, nacho ni maji ya moto. Bomba la vyumbani lilikuwa linatoa maji ya ziwa, ya baridi. Ya moto yalikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mama mmoja mfupi, umri umeshavuka makamo, mikono yake haisikii moto. Alitoka Mwakitolyo, kule kwenye dhahabu ya wachimbaji wadogo, na kazi yake kule ilikuwa kuponda mawe kwa nyundo kabla hayajapelekwa kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga. Vumbi la mawe lilikuwa limemwingia kifuani. Alipofika Chato, aliniambia, alikuwa akikohoa mpaka anakaa chini. Baada ya mwaka mmoja wa maji na upepo wa ziwa kile kikohozi kilikaa kimya. Yeye alikuwa anasema loji imemrudishia kifua chake. Hayo niliyajua vizuri, ndiyo maana nayataja mapema, msije mkadhani nilifanya nilichofanya kwa kutokujua.

Kwetu Usukumani mgeni akifika humwulizi kwanza ametoka wapi. Unampa kiti, unampa maji ya kunywa, jua likianza kushuka unampelekea ndoo ya maji ya kuoga nyuma ya nyumba. Ukimlaza mgeni na vumbi lake, majirani watajua kabla hujaamka. Yule mama aliibeba desturi hiyo nzima akaileta lojini. Hakuna mgeni aliyebeba ndoo yake. Awe Mzungu, awe afisa wa wilaya, awe dereva wa lori la dagaa, ndoo ilimfuata mlangoni imefunikwa kwa sinia. Mama anagonga mara mbili, anasema, "Maji yako, mgeni." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, ila sentensi hiyo aliijua kuliko mimi.

Sisi wafanyakazi tulikuwa tunajichotea. Siku yangu ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikingoja niletewe, nikidhani ndio utaratibu. Akaniangalia, akanitupia kopo.

"Chota. Mtoto wa nyumbani habebewi maji."

Tangu siku hiyo nikawa namwita mayu, ambayo ni mama kwa Kisukuma, na yeye ananiita mwanangu.

Jiko lake lilikuwa uani, nyuma ya vyumba. Mtu akipita haraka anaona pipa, moshi kidogo na rundo la gunia zenye weusi wa mkaa. Ukikaa naye ndipo unaona kazi. Moto wake haukuwa wa kuni wala wa mkaa, ulikuwa wa pumba za mpunga. Anachukua debe, anasimamisha mpini wa jembe katikati, anamwaga pumba kuuzunguka na kuzishindilia kwa ngumi hadi debe lijae, kisha anauchomoa mpini taratibu. Linabaki shimo. Chini anawasha kwa vijiti viwili vitatu, na debe moja linawaka kwa saa nyingi bila mtu kulipuliza. Maji yakishachemka anafunika pipa kwa mbao na blanketi kuukuu, na kulizunguka pipa lote kuna zile gunia. Ndani ya gunia ni pumba tena, kavu, zimekazwa kama mto mpya wa harusi. Hizo haziwaki. Zinakaa tu pale kulivalisha pipa. Maji ya saa kumi jioni, alfajiri bado yanakufanya uvute mkono.

Pumba tulikuwa tunazichukua bure kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mimi nikisukuma toroli. Gunia tulikuwa tunaomba kwa wauza mkaa zikishachakaa. Kwa hiyo mimi nilijua kilichomo. Hakuna mtu pale lojini aliyejua kuliko mimi, labda panya, maana walikuwa wamezaa humo vizazi vitatu.

Sasa, bosi wetu ni mama wa Kihindi. Familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi Shinyanga mjini tangu enzi za babu yake. Kiswahili chake kimenyooka, na Kisukuma cha kugombana anakijua chote. Lojini alikuwa anakuja mara mbili kwa mwezi, anakagua mashuka, anakagua vitabu, anaondoka. Uani alikuwa hafiki kwa sababu ya mbwa.

Siku moja akaja na kijana mwenye kompyuta, mtaalamu. Kampuni iliyokuwa inatuletea wageni ilikuwa imesema itapeleka watu kwenye loji zenye cheti cha kutunza mazingira tu, na mtaalamu ndiye wa kutuonyesha njia ya kukipata. Tukakalishwa sebuleni, semina. Akatueleza kwamba mtalii anaacha hewa ukaa kila anapopita, kwenye ndege, kwenye gari, na hata akiwa amelala kwetu, kwa sababu taa, friji, jenereta na jiko vyote vinatoa. Akasema lengo ni mgeni alale vizuri vilevile lakini kwa moto mdogo zaidi. Maneno mazuri, na hadi leo nayaamini.

Mimi nikanyoosha mkono nikauliza kama mgeni aliyekula maharage ya mpishi wetu naye anahesabiwa usiku. Semina ikaharibika. Bosi mwenyewe alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanacheza. Alipojifunua akasema, kwa kuwa huyu mdomo hautulii, tumpe na kalamu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani wa moshi.

Nikapewa fomu. Kwa mwezi mzima nizunguke, niandike kila kinachotumia umeme na kila kinachounguzwa: dizeli ya jenereta, gesi ya jikoni, kuni, mkaa. Bosi akanieleza polepole, kama anayejua anaongea na mtu wa aina gani. Mradi ungetoa pesa ya kubadilisha sehemu moja kwanza, ile itakayoonekana inachafua kuliko nyingine. Sehemu hiyo ingevunjwa na kuwekwa mtambo mpya. Kwa hiyo andika ukweli, akasema.

Mayu alikuwa amesikia. Jioni nilipokwenda kujichotea maji akaniuliza, bila kuinua macho kwenye debe lake, kama hilo karatasi langu linaweza kumrudisha Mwakitolyo.

"Mayu, mwandishi si mimi? Nani atakurudisha?"

Akaniongezea kopo moja la maji ya moto, kama shukrani.

Tatizo likaja kwenye zile gunia. Fomu ilikuwa na mstari wa kuni na mstari wa mkaa, wa pumba haikuwa nao. Nikampigia mtaalamu. Alikuwa barabarani, sauti inakatika, akaniambia kitu kisichokuwepo nikiweke kwenye kile kinachofanana nacho. Nikamwambia lakini hiki, na simu ikakata. Ningeweza kupiga tena. Nilikuwa na salio.

Badala yake nikakumbuka neno lake la semina. Alisema loji itapimwa mwanzo, kisha itapimwa tena baada ya mwaka, na cheti kinategemea imepungua kiasi gani. Akili yangu ya darasa la saba, ambayo nilikuwa naisifia sana, ikafanya hesabu yake. Mtu akitaka asifiwe amekonda, siku ya kwanza apimwe na buti miguuni. Tukijiandika wachafu sana mwanzoni, mwakani tutaonekana malaika bila kufanya chochote. Bosi atapata cheti, mayu atabaki na pipa lake, maana lile neno la bosi la kuvunja nilikuwa nimelipita kama sikulisikia, na mimi nitaitwa fundi. Nikaenda uani, nikahesabu gunia zilizolizunguka pipa. Kumi na nne. Zote za mkaa ukiangalia nje. Kwenye mstari wa mkaa, kwa wiki, nikaandika kumi na nne.

Hapa ndipo pa kuchekesha. Nilimwendea mayu mwenyewe nikamwambia, mayu, nimekuandika wewe ni hatari, unakula msitu wa Biharamulo peke yako, wiki moja tu gunia kumi na nne. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema basi anipikie majivu, ndiyo yaliyobaki. Tukacheka wote wawili, yeye akiwa ameshika debe lake la pumba.

Mtaalamu alikuja mara moja katikati ya mwezi. Alipita uani, akaona moshi, akaona gunia nyeusi, akapiga picha na simu, akaridhika. Mwisho wa mwezi akaja na bosi, tukakusanywa tena sebuleni, mtaalamu akaangaza picha ukutani kutoka kwenye ile kompyuta. Kila sehemu ya loji ilikuwa na mlingoti wake wa rangi kuonyesha inatoa kiasi gani. Friji na taa mlingoti mfupi. Jikoni mfupi. Jenereta wa wastani. Halafu pembeni kabisa kulikuwa na mmoja mwekundu, umepanda mpaka karibu ugonge dari. Chini yake imeandikwa maji ya moto.

Mtaalamu akasema anamshukuru karani kwa kazi safi, na kwamba loji nyingi zinaandika ovyo lakini hii imeandikwa vizuri. Wenzangu wakanigeukia. Sikumbuki kama niliwahi kusifiwa mbele ya watu kwa kitu kingine chochote zaidi ya ujinga. Sifa ilinipanda kichwani, sikatai.

Mayu alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua kusoma. Akaniuliza mimi, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida tu, ule mrefu ni wa nani.

Mimi, ambaye hata msibani nimewahi kuombwa ninyamaze, sikuwa na neno. Niliangalia ukuta. Mpishi ndiye aliyemjibu kwamba ni wa kwako, mayu. Akasema aa. Akatoka kwenda kuangalia moto wake.

Nilijipa muda. Nilijiambia nitamwona bosi pembeni, jioni. Jioni bosi alikuwa anaongea na simu. Kesho yake alikuwa ameshaondoka kwenda Shinyanga. Nikajiambia nitampigia. Halafu nikajiambia nikimpigia ataniuliza kwa nini sikusema pale pale mbele ya watu, na jibu sikuwa nalo. Mafundi walikuja wiki ya tatu wakiwa na nyundo kubwa. Na niliposikia wanasema gunia zote zichanwe kwanza, ndipo akili ikanijia haraka, lakini ikaja upande mbaya. Nikasema msihangaike, nitazitoa mwenyewe. Nikazibeba zote kwenye toroli, safari saba, isije ikachanika hata moja ikamwaga kilichomo mbele ya watu. Nilizirudisha kule kwenye mashine ya mpunga. Mwenye mashine akanicheka, akauliza leo pumba zinarudi nyumbani kwao. Nilimjibu kitu, kikamchekesha zaidi, nimekisahau.

Bosi hakumtupa yule mama. Alimlipa haki yake yote, akamwomba abaki kufagia uwanja. Mayu akashukuru, akakataa. Alisema mtu aliyeonyeshwa ukutani kwamba amemaliza miti hawezi tena kubaki hapo akiokota majani yake. Nilimbebea mzigo mpaka stendi. Sufuria mbili, blanketi lile la pipa, na debe. Basi la Geita lilipowasha injini alitoa mkono dirishani akaniambia wabeja, yaani asante, kwa kumbebea mzigo. Hakuniuliza kitu. Ningependa angeniuliza.

Mtambo mpya ulifungwa juu ya bati, wa kupasha maji kwa jua. Nisiusingizie, ni kitu kizuri. Saa saba mchana maji yake yanaweza kunyonyoa kuku. Lakini wageni wetu hawaogi saa saba mchana, saa hizo wako kisiwani wanaangalia sokwe. Wanataka maji alfajiri kabla ya boti, na alfajiri tangi lilikuwa limekaa usiku kucha peke yake juu ya bati, upepo wa ziwa unalipiga. Linatoa maji kama ya bomba. Wageni wakaanza kulalamika. Wakaongeza hita ya umeme ndani ya tangi. Umeme ukikatika, nawasha jenereta, linanguruma saa kumi alfajiri ili watu sita waoge. Fomu nilikuwa bado naijaza mimi. Mstari wa mkaa ukawa sifuri, mzuri, unang'aa. Mistari ya umeme na dizeli ikapanda kila mwezi, na hiyo sasa nilikuwa naandika ukweli mtupu, kama mtu anayejichapa.

Mwaka ulipotimia mtaalamu akarudi na bosi. Akapanda juu, akagusa tangi, akashuka. Akasema ugonjwa ni mmoja: joto linatoroka usiku. Tangi na mabomba yake yanahitaji kuvalishwa. Akatuonyesha kwenye simu picha ya sehemu nyingine, tangi limezungushiwa kitu kwenye mifuko. Akasema siyo lazima kununua vitu vya gharama, hata pumba za mpunga zinafaa sana. Akauliza kama huku kwetu pumba zinapatikana.

Mpishi, ambaye fomu hakuwahi kuiona, akacheka kwa roho safi kabisa. Akasema, "Si zile alizokuwa nazo mayu? Gunia nzima nzima, pipa lake lote lilikuwa limevaa."

Bosi akauliza gunia zipi. Mpishi akasema zile zile, kumi na ngapi sijui. Na moto wake pia ulikuwa wa pumba, akaongeza, akidhani anamsaidia mtaalamu.

Bosi alinigeukia taratibu. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Uliandika mkaa."

Nikamwambia fomu haikuwa na mahali pa pumba.

"Fomu haikuwa na mahali. Wewe ulikuwa na mdomo."

Mtaalamu alikaa kwenye benchi, akafungua kompyuta, akaifunga tena. Nilidhani siku hiyo ndiyo mwisho wangu pale, na nilikuwa nimeshaanza kupanga mzigo kichwani. Bosi alikuwa na adhabu nyingine. Akanipa nauli, akasema niende mwenyewe Mwakitolyo nikamfuate mayu. Nikirudi naye, yeye bosi atamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Nikirudi peke yangu, nitaendelea kujaza ile fomu kila mwezi mpaka yeye bosi afe, na kwao watu wanaishi sana.

Nilipanda basi la Geita, nikaunganisha Kahama, nikamalizia kwa bodaboda. Njia nzima nilikuwa natunga. Nilitunga namna ya kumwambia kwa utani, kwamba mayu, msitu umeota tena, rudi uumalizie. Nilidhani akicheka tu, kazi imekwisha. Nimeishi hivyo, mtu akicheka najua amenisamehe.

Mwakitolyo unaisikia kabla hujaiona. Makarasha yanasaga mawe tangu asubuhi, na vumbi lake ni jeupe, linakaa juu ya paa, juu ya mihogo, juu ya kope za watoto. Sikujua nimwulizie vipi. Nikasema namtafuta mama mmoja, nikaeleza, na kabla sijamaliza kijana mmoja akaniambia unamsema mama wa maji moto.

Ilikuwa jioni, wachimbaji wanatoka mashimoni, rangi moja na udongo. Alikuwa nyuma ya kibanda cha mabati, na pipa, na debe, na gunia zimelizunguka. Pembeni kulikuwa na turubai la bluu limefungwa kwenye miti minne, ndipo watu wanapoogea. Alikuwa amepungua. Nyundo ya kupondea mawe ilikuwa mlangoni kwake, ina vumbi jipya, nikaelewa kwamba asubuhi yupo kwenye mawe na jioni yupo kwenye maji. Kile kikohozi nilikisikia kabla hajageuka.

Nikamwamkia, "Mwadila, mayu."

"Mwadila. Karibu, mgeni."

Akanipa kiti. Akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe, kikiwa juu ya sahani. Nikatoa ule utani wangu wa msitu. Aliusikia wote hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya mvua, akaendelea kushindilia pumba kuuzunguka mpini.

Ndipo nikasema. Nilimwambia yote, fomu, simu iliyokatika, salio nililokuwa nalo, kumi na nne, toroli. Nilisema vibaya, narudia rudia. Yeye alichomoa mpini, akaangalia shimo kama limenyooka.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijuaje na kusoma hajui.

"Sikuangalia ukuta. Nilikuangalia wewe. Siku zote kitu kikitokea, wewe unasema. Siku ile ulinyamaza."

Nilimwambia bosi amenituma, kwamba atamwomba radhi mbele ya watu wote, kwamba kazi ipo. Akauliza jiko lake lipo. Nikasema lilivunjwa. Gunia? Nikasema nilizirudisha mashineni. Hapo akacheka, kidogo, na kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi, akashika ukingo wa pipa mpaka kikapita. Akauliza sasa anarudi kwenye nini. Nikasema kwenye tangi, aje atufundishe kulivalisha. Akasema hilo halimhitaji yeye apande basi mbili. Huku ana watu wanaomngoja kila jioni, na hakuna anayewapima.

"Una kalamu?"

Nilikuwa nayo.

"Andika. Safari hii andika ninavyosema."

Akanisomea kama mwalimu. Pumba ziwe kavu, zianikwe siku mbili. Zikazwe, zisichezecheze. Chini utie majivu, panya hawayapendi. Juu ufunike zisinyeshewe, pumba mbichi ni kama hakuna kitu. Mabomba nayo yafungwe, yasiachwe, maana joto ni kama mbuzi, linatokea pale ulipoacha mlango. Niliandika kila neno nyuma ya tiketi ya basi. Ninayo hadi leo, na tangi letu limevaa hivyo hivyo alivyosema. Alfajiri maji yanachoma, hita imezimwa, jenereta halingurumi tena kwa ajili ya watu sita kuoga. Kwenye fomu nimechora mstari wangu kwa rula, chini ya ule wa mkaa, nimeandika pumba. Wageni wanausifu mtambo. Nawaambia aliyeutengeneza yuko Mwakitolyo, wanadhani natania.

Lakini jioni ile nilikuwa bado nimekaa kwenye kile kiti. Jua lilikuwa linashuka. Alichota ndoo, akachanganya na ya baridi, akatia kiwiko kupima. Nikainuka kuichukua, kama nilivyozoea. Akausogeza mkono wangu pembeni, kwa upole tu.

"Kaa. Mgeni habebi maji."

Akaibeba mwenyewe hadi kwenye turubai. Katikati ya njia aliitua, akakohoa, akaiinua tena. Mimi nimekaa. Alipofika aligonga mti wa turubai mara mbili.

"Maji yako, mgeni."

Nikaenda nikaoga. Yalikuwa moto ule ule, wa kuvuta mkono kwanza ndipo uzoee. Nje, upande wa pili wa turubai, wachimbaji walikuwa wamelizunguka pipa wakimtania, mmoja anadai ameibiwa kopo, mwingine anasema maji ya leo yana ladha ya panya, na yeye akiwajibu mmoja mmoja, chota mwanangu, chota, sogea mwenzako achote.